Jinsi ya kuvipa majina vifaa vya paneli ya kontrola kwenye reli ya mfano

Kontrola wa reli ya mfano hainamii reli. Yuko mbele ya paneli, na pointi (mahali njia inapogawanyika, ulimi wa reli ukisogea kupeleka treni huku au kule) iliyo upande wa pili wa chumba anaijua kwa jina lake na kwa taa mbili zilizo karibu na jina hilo. Jina likiwa bovu, nyaya zinaweza kuwa safi na kompyuta nzima, na bado treni ikapelekwa njia isiyo yake. Ndiyo maana majina hupangwa kabla ya kutoboa tundu la kwanza kwenye paneli. Kanuni ni moja: kifaa kiitwe kwa mahali kilipo na kwa kazi kinayoifanya, kamwe kisiitwe kwa waya au anwani inayokihudumia leo. Waya utahamishwa, bodi itaungua, anwani itabadilika. Pointi ya upande wa Dar pale Bahi itabaki pale pale.

Mfano wetu hapa ni kipande cha Reli ya Kati chenye stesheni sita: Ihumwa, Dodoma, Kigwe, Bahi, Kintinku na Makutupora. Reli hii ya geji ya mita moja ilifika Dodoma mwaka 1910. Ni njia moja, treni hupishana stesheni, kwa hiyo inafaa sana kwa paneli: kazi ya kontrola ni kuamua nani aingie lupu, yaani njia ya pembeni, asubiri na nani apite moja kwa moja. Kwa kipimo cha 1:87, geji ya mita hutandikwa kwa reli ya milimita 12, na SGR, reli mpya ya geji ya kawaida, kwa reli ya milimita 16.5. Si lazima uweke kila stesheni iliyopo kwenye njia ya kweli.

Kwanza mchoro

Chora njia nzima kwa mstari mmoja kwenye karatasi ya A3, bila kona za meza. Stesheni zifuatane kama zilivyo, kila lupu ionekane, kila pointi iwekewe alama. Kwenye ncha moja andika DAR, kwenye ncha ya pili andika KIGOMA. Huo ndio mwelekeo pekee utakaotumika katika majina yote.

Kushoto na kulia hazifai kwa sababu hubadilika mtu akihamia upande wa pili wa meza, na zaidi ya hapo zote mbili huanza na KU. Mashariki na magharibi nazo zote huanza na MA; ukizifupisha umezichanganya. Kaskazini na kusini hali ni ile ile. D ya Dar na K ya Kigoma hazifanani kwa sura wala kwa sauti, na kila mtu anayeijua Reli ya Kati anajua ziko wapi.

Dar ikae upande gani wa paneli? Ikiwezekana iweke kushoto, kwa sababu namba zitapanda kadiri unavyoondoka Dar, na jicho limezoea kusoma namba zikipanda kuelekea kulia. Lakini kama mtu aliyesimama penye paneli akiinua macho anaiona Dar kulia kwake mezani, paneli ifuate meza na namba zipande kuelekea kushoto. Paneli iliyogeuzwa dhidi ya meza yake ni chanzo cha makosa ambayo hakuna jina zuri linaloweza kuyatibu.

Kodi za stesheni

Kila stesheni ipewe kodi, yaani kifupisho cha herufi tatu. Ukichukua tu herufi tatu za mwanzo utaingia matatani mapema: Kikombo, Kigwe na Kintinku zinakuwa KIK, KIG na KIN, na Makutupora na Manyoni zinakuwa MAK na MAN. Kwenye lebo ya milimita tatu, ndani ya giza la nyuma ya paneli, KIG na KIK ni kitu kimoja. Afadhali uchukue konsonanti zinazoitofautisha stesheni na jirani zake. Kwa paneli hii:

IHU – Ihumwa
DOM – Dodoma
KGW – Kigwe
BAH – Bahi
KTK – Kintinku
MKT – Makutupora

Hizi ni kodi za paneli ya mfano tu. Hazitokani na Shirika la Reli. Tahadhari moja ambayo wengi hawaifikirii: usiipe stesheni kodi ya MAR, MAY, JUN au SEP. Ukiandika MAR-11 kwenye jedwali la Excel, programu itadhani ni tarehe na kuigeuza bila kukuuliza.

Namba: witiri kwa pointi, shufwa kwa ishara

Mpango huu si mpya. Mfumo wa CTC, ambao mtu mmoja huongoza pointi na ishara za njia ndefu akiwa chumba kimoja, ulianza kazi mwaka 1927 huko Ohio, Marekani, kwa vifaa vya kampuni ya General Railway Signal. Mashine za namna hiyo zilizoenea baadaye zilipanga swichi kwa safu mbili: ya juu ni ya pointi na namba zake ni witiri, ya chini ni ya ishara na namba zake ni shufwa. Swichi ya pointi 1 inakaa juu ya swichi ya ishara 2, pointi 3 juu ya ishara 4, na kuendelea. Faida yake unaiona siku ya kwanza ya kuendesha treni: ukisikia namba peke yake tayari unajua kama ni pointi au ishara, na namba ya ishara inakuonyesha pointi ambayo ishara hiyo huilinda.

Namba zisijirudie kwenye paneli nzima, hata kama stesheni ni tofauti. Kila stesheni ipewe fungu lake na nafasi za kubaki:

Ihumwa 11 hadi 19
Dodoma 21 hadi 39
Kigwe 41 hadi 49
Bahi 51 hadi 59
Kintinku 61 hadi 69
Makutupora 71 hadi 79

Tumeanza na 11 badala ya 1 kwa makusudi. Namba zote zikiwa na tarakimu mbili hakuna haja ya sifuri ya mbele, na sifuri ya mbele ni kero: jedwali huifuta, mtu huisahau, halafu 3 na 03 zinakuwa vitu viwili. Dodoma imepewa fungu refu kwa sababu ndiyo yenye njia nyingi.

Stesheni yenye lupu moja, kama Bahi, itatumia namba nne tu. Ncha ya upande wa Dar ina pointi 51 na ishara 52. Ncha ya upande wa Kigoma ina pointi 53 na ishara 54. Zinazobaki ziache wazi. Siku ukiongeza njia ya tatu utashukuru kuwa hukulazimika kubadilisha lebo za Kintinku na Makutupora.

Pointi mbili zinazogeuka pamoja, kwa mfano zile zinazovusha treni kutoka njia moja kwenda njia ya jirani, ni swichi moja na namba moja. Mota zake ziitwe P1 na P2, P1 ikiwa ile ya upande wa Dar. Pointi za ndani ya yadi zinazogeuzwa kwa mkono hazipewi namba ya paneli kabisa. Ziandike DOM-Y1, DOM-Y2, ili kontrola asije akadhani ana mamlaka nazo.

Herufi za kazi

Jina kamili linakuwa kodi ya stesheni, kistari, namba, halafu herufi ya kazi. Herufi nazo zimechaguliwa kwa kuangalia zinavyoonekana zikiandikwa kwa mkono. I hufanana na 1, O na Q hufanana na 0, S hufanana na 5, B hufanana na 8, Z hufanana na 2. Hizo zote hazitumiki baada ya namba. E nayo imeachwa, kwa kuwa jedwali la kompyuta likiona 51E2 peke yake huligeuza kuwa 5100. Zilizobaki zinatosha:

P – mota ya pointi
N – kihisi kinachothibitisha pointi imenyooka
G – kihisi kinachothibitisha pointi imegeuka
R – kipande cha reli chenye kigunduzi cha treni
W – swichi ya kontrola kwenye paneli
F – kitufe cha kutuma amri
L – taa ya LED ya paneli, ikifuatiwa na herufi ya kile inachokionyesha
D, K – mwelekeo wa treni, kwenda Dar au kwenda Kigoma

Basi pointi ya kwanza ya Bahi inazaa familia nzima: BAH-51W ni swichi, BAH-51P ni mota, BAH-51N na BAH-51G ni vihisi, BAH-51LN na BAH-51LG ni taa, BAH-51R ni kipande cha reli kilicho juu ya pointi yenyewe, na BAH-51LR ni taa ya kipande hicho. Mtu aliyeshika waya mmoja wenye lebo 51G anajua unatoka wapi, unakwenda wapi na unasema nini.

Njia za ndani ya stesheni zinahesabiwa kuanzia njia kuu: BAH-R1 ni njia kuu, BAH-R2 ni lupu. Taa zake ni BAH-LR1 na BAH-LR2. Kipande kilicho katikati ya stesheni mbili kichukue kodi zote mbili, ya upande wa Dar ikitangulia: KGW-BAH. Ukikigawa zaidi, KGW-BAH1 ndicho kilicho karibu na Kigwe.

Ishara: mwelekeo ni wa treni, si wa nguzo

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Herufi D au K kwenye jina la ishara inataja treni inakokwenda. Haitaji upande wa stesheni ilikosimama nguzo. Ishara ya kuingilia Bahi kutokea Kigwe imesimama upande wa Dar wa stesheni, lakini treni inayoisoma inakwenda Kigoma. Kwa hiyo ni BAH-52K. Mtu akiipa D kwa sababu ya mahali ilipo, atakuwa amezigeuza ishara zote za stesheni hiyo, na kosa halitaonekana mpaka treni mbili zipewe kijani uso kwa uso.

Kwenye ncha hiyo hiyo kuna nguzo mbili za kutokea, kwa treni zinazokwenda Dar. Ya njia kuu ni BAH-52D1, ya lupu ni BAH-52D2. Tarakimu ya mwisho ni ile ile ya njia: R1 inatokea kwa D1, R2 kwa D2. Ncha ya Kigoma inafuata mtindo huo huo: BAH-54D ya kuingilia, BAH-54K1 na BAH-54K2 za kutokea.

Nguzo tatu, swichi moja. BAH-52W ni swichi ya nafasi tatu inayokaa katikati wakati ishara zote ni nyekundu. Ikisukumwa upande wa Dar inafungua D1 au D2, kutegemea pointi 51 imenyooka au imegeuka. Ikisukumwa upande wa Kigoma inafungua 52K. Mkono wa swichi uelekee kule treni inakokwenda. Taa zake ni BAH-52LD, BAH-52LK, na BAH-52LX ya katikati inayowaka ishara zote zikiwa zimefungwa.

Kwa nyaya za taa zilizo juu ya nguzo, usitumie herufi za rangi. Nyekundu, njano na nyeupe zote zinaanza na N, na N tayari ina kazi. Tumia tarakimu baada ya kistari: BAH-52K-1 nyekundu, BAH-52K-2 njano, BAH-52K-3 kijani. Mpangilio ni wa ruhusa inayopanda: simama, tahadhari, pita.

Hesabu ya stesheni moja

Kabla ya kununua vifaa, hesabu majina. Bahi yenye lupu moja ina pointi mbili, kila moja ikiwa na P, N, G, W, LN na LG: majina 12. Vipande vya reli ni vinne, 51R, 53R, R1 na R2, kila kimoja na taa yake: majina 8. Nguzo za ishara 6. Swichi za ishara 2 zenye taa tatu kila moja, jumla 8. Vitufe vya kutuma amri 2, ambavyo ni 52F na 54F. Jumla ni majina 36, na hapo hatujaingiza nyaya za taa za nguzo. Kwa stesheni sita za aina hiyo ni majina 216. Hakuna kichwa kinachoweza kubeba hayo bila daftari.

Daftari la majina

Fungua jedwali lenye safu hizi: jina, aina ya kifaa, jina la mfumo, bodi, pini, rangi ya waya, tarehe ya kujaribiwa. Safu zote ziwekwe kwenye muundo wa maandishi kabla ya kuandika chochote, ili jedwali lisijaribu kuzigeuza namba. Kifaa kimoja, mstari mmoja.

Kwenye JMRI, programu ya bure inayotumiwa sana kwa paneli za kompyuta, kila kifaa kina majina mawili. Jina la mfumo linatokana na anwani: herufi ya muunganisho, herufi ya aina ya kifaa, kisha namba. DT51 ni pointi namba 51 kwenye muunganisho wa DCC-EX (programu ya bure ya kuongoza treni na pointi za mfano), DS511 ni kihisi namba 511 kwenye muunganisho huo huo, na vya ndani ya programu yenyewe huanza na I. Jina la pili ni la mtumiaji, na hapo ndipo unapoandika BAH-51P. Andika jina la mtumiaji mara tu unapoingiza kifaa, kabla ya kuchora paneli na kabla ya kutunga masharti yoyote. Ukichelewa, michoro na masharti yako yatakuwa yanategemea DT51, na siku anwani ikibadilika utalazimika kuyafuata moja baada ya jingine. Ukiwahi, unahamisha jina la mtumiaji kwenda kwenye anwani mpya na kila kitu kinafuata.

JMRI haikubali jina moja mara mbili ndani ya jedwali moja, lakini inakubali pointi na kihisi viitwe sawa kwa kuwa vipo kwenye majedwali tofauti. Usiitumie ruhusa hiyo. Kumbuka pia kuwa herufi kubwa na ndogo ni tofauti: Bah-51P na BAH-51P ni vifaa viwili. Andika zote kubwa.

Mfano wa Bahi kwa bodi za kawaida: Arduino Mega yenye DCC-EX, bodi ya PCA9685 ya mota 16 za servo, na MCP23017 ya pini 16 za vihisi. Kwa mpangilio wa kawaida wa DCC-EX, PCA9685 ya kwanza ina pini 100 hadi 115, na MCP23017 ya kwanza ina pini 164 hadi 179. Amri ni hizi:

<T 51 SERVO 100 410 205 2>
<S 511 164 1>
<S 512 165 1>
<S 513 166 1>
<E>

Namba 410 ni nafasi ya pointi ikiwa imegeuka na 205 ikiwa imenyooka. Zianze hivyo kisha uzirekebishe kwa mota yako. Namba 2 ya mwisho ni mwendo wa wastani. Amri ya <E> inahifadhi, na bila hiyo umeme ukikatika vyote vinapotea. Angalia namba za vihisi: 511 ni 51N, 512 ni 51G, 513 ni 51R. Tarakimu ya mwisho ikiwa 1 ni nyoofu, 2 ni geuka, 3 ni reli, kwa paneli nzima. Anwani zinafuata majina, jambo zuri kwa mtu anayetafuta hitilafu usiku, ila pini zenyewe, 164 na wenzake, ziko huru kubadilika.

Ndani ya JMRI, pointi 51 iwekewe uthibitisho wa vihisi viwili, TWOSENSOR. Kuna mtego: kihisi cha kwanza ni cha pointi iliyogeuka, cha pili ni cha iliyonyooka. Kwa hiyo BAH-51G inaingia sanduku la kwanza na BAH-51N la pili. Ukifuata mazoea ya kuweka nyoofu kwanza, paneli itakuonyesha kinyume kila wakati.

Wanaotumia MQTT, njia ya vifaa kutumiana ujumbe kwenye mtandao, wajue kuwa huko jina lenyewe huwa ndilo anwani. MTBAH-51P ni pointi, na BAH-51P inakuwa sehemu ya mada inayotumwa. Alama za /, + na # zina kazi maalumu kwenye MQTT, hivyo zisionekane kwenye jina lolote. Kistari hakina tatizo.

Lebo zinazodumu

Kila waya uwe na lebo mbili, moja kila ncha, na zote ziandikwe jina lile lile. Watu hupenda kuandika upande mmoja "kutoka" na upande mwingine "kwenda". Mwisho wake ni majina mawili kwa waya mmoja.

Miezi ya kiangazi Dodoma ina upepo, vumbi na joto, na vyote vitatu ni adui wa gundi. Tepu ya karatasi hubanduka, maandishi ya kalamu juu ya plastiki hufutika kwa vidole. Lebo inayodumu ni karatasi iliyochapishwa, ikaviringishwa kwenye waya, kisha ikafunikwa na mpira mwangavu unaosinyaa kwa joto. Mpira uuvishe kabla ya kufunga waya kwenye konekta. Ukishafunga hauwezi kuuingiza tena. Kwenye konekta yenyewe bandika ukanda mmoja wa stika wenye majina yote kwa mpangilio.

Nyuma ya paneli ni kioo: kilichokuwa kushoto kinakuwa kulia. Usitegemee kichwa kugeuza. Mmoja asimame mbele na mwingine nyuma. Wa mbele aingize penseli kwenye tundu na kutaja jina, wa nyuma aliandike pembeni ya tundu hilo kwa kalamu isiyofutika. Fanya hivyo tundu kwa tundu, kabla ya swichi yoyote kufungwa. Swichi ndogo huhitaji tundu la milimita 6, LED tundu la milimita 5. Acha sentimita 5 kati ya safu moja ya swichi na nyingine, vidole visigongane na namba zisibanane.

Mbele ya paneli andika namba tu, kwa urefu wa milimita 5, na jina kamili la stesheni juu ya fungu lake. Kontrola hahitaji kusoma BAH-51LG wakati treni inamsubiri. Watengeneza mabango wa mjini wanaweza kuchapa mchoro mzima kwenye stika na kuibandika juu ya alukobondi ya milimita 3. Ila usiwapelekee kazi mpaka majaribio yote yaishe; kwa muda huo karatasi iliyobandikwa kwa tepu inatosha.

Majina kwa sauti

Kama stesheni zina watu, majina yatasemwa kwenye simu au redio, na hapo Kiswahili kina mitego yake. Sitini na tisini husikika karibu sawa. Sita na tisa nazo ni vivyo hivyo, na tatu na tano huanza kwa sauti moja. Kwa hiyo namba zitajwe tarakimu kwa tarakimu, anayepokea arudie, na fungu la 91 hadi 99 lisitumike kabisa maadamu Kintinku ina 61. Herufi zisitajwe kwa herufi, maana pe, de na ge humezana kwenye spika ndogo. Tamka neno lenyewe: pointi, nyoofu, geuka, Dar, Kigoma.

– Bahi, kontrola hapa.
– Kontrola, Bahi nakusikia.
– Pointi tano moja kwangu haionyeshi nyoofu wala geuka. Nitazamie.
– Pointi tano moja, nyoofu na geuka zote hakuna. Naangalia. Kuna kokoto kwenye ulimi wa pointi, upande wa lupu. Nimeitoa.
– Sawa, sasa naona nyoofu. Asante.

Kujaribu, na yanayoharibika

Jaribu kwa mpangilio huu: taa za paneli kwanza, kisha vihisi, kisha mota, mwisho ishara. Mmoja paneli, mwingine mezani, na wa mezani ndiye anayetaja jina kwa kusoma lebo ya kifaa mbele yake. Kontrola akitaja yeye, mwenzake ataitikia tu. Kila jina likipita liandikiwe tarehe kwenye daftari.

Swichi 51W ikigeuza pointi 53, mara nyingi nyaya zilifungwa kwa kufuata mbele ya paneli badala ya nyuma. Taa 51LN na 51LG zikizimika zote muda mrefu baada ya mota kusimama, ulimi haujafika mwisho au kigusio kina vumbi. Zikiwaka zote mbili, nyaya za N na G zimegusana au lebo moja imewekwa kwenye nyaya mbili. Paneli ikionyesha kinyume ilhali swichi na mota viko sawa, rudi kwenye masanduku mawili ya TWOSENSOR.

Vipande vya reli vijaribiwe kwa injini moja bila mabehewa, ikitembea polepole sana kutoka ncha hadi ncha. Kila inapovuka mkato wa reli, yaani pengo linalotenganisha vipande viwili, wa mezani ataje kipande inachoingia. Ikiwaka 51LR wakati injini bado iko R1, ama mkato umewekwa mahali pasipo pake, ama majina ya vipande viwili yamebadilishana. Angalia mkato kwa jicho kwanza. Ni rahisi kubadili jina kimakosa ili kuficha mkato mbaya, na hilo litakurudia kwenye ishara.

Wakati reli zote mbili zipo mezani

Huenda ukataka kuweka SGR pia, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Tatizo ni kuwa Dodoma, Bahi na Makutupora zipo kwenye reli zote mbili. Mbili zikiitwa BAH utapeleka treni ya umeme kwenye swichi ya reli ya zamani. Suluhisho ni kuongeza U ya umeme kwenye kodi na 200 kwenye namba: Bahi ya Reli ya Kati ni BAH-51P, ya SGR ni BAHU-251P. Namba ya paneli yenye tarakimu tatu inayoanza na 2 ni SGR daima. Ukirefusha Reli ya Kati kwenda Saranda mpe SRD na 81 hadi 89, na Manyoni MNY na 101 hadi 109, ukiiruka 91 hadi 99 kama ilivyoelezwa.

Kifaa kikiondolewa, mstari wake usifutwe kwenye daftari. Andika "kimeondolewa" na tarehe, na namba yake isipewe kifaa kingine mpaka lebo zote za zamani zimetolewa kwenye nyaya, konekta na JMRI. Faili la paneli lihifadhiwe kwenye flashi kila baada ya mabadiliko, jina lake likianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili mafaili yajipange yenyewe kwa mfuatano. Chapa pia nakala ya daftari na uitundike ndani ya kisanduku cha paneli, upande wa nyuma, mahali fundi anapoweza kuisoma bila kuachia kipima umeme.